Jinsi ya Kukadiria Idadi ya Minara ya Nyaya Kisiwani Pemba

Assalamu alaykum, watazamaji wetu. Leo tunakadiria idadi ya minara ya mawasiliano iliyokazwa kwa nyaya kisiwani Pemba. Njia hii inafaa pia kwa nchi nzima, ila kisiwa kinampa anayejifunza nafasi ya kwenda kuhakikisha kwa macho yake.

Kwanza, amueni mnahesabu nini. Mnara unaojisimamia una miguu mitatu au minne iliyopanuka chini, lakini mnara wa nyaya ni mwembamba, upana wake ni ule ule tangu chini hadi juu, na hauwezi kusimama bila nyaya za chuma zinazouvuta pande tatu, kama mlingoti wa jahazi unavyoshikwa na kamba zake. Tazameni hapa, nyaya zinapofika ardhini: bamba la chuma limechomoza kwenye zege, na nyaya kadhaa zimekutana juu yake, kila mmoja na skrubu yake ya kukazia. Mkilikuta zege la namna hii pande tatu, mnara huo uandikeni.

Pili, gaweni kisiwa. Wilaya ni nne, yaani Micheweni, Wete, Chake Chake na Mkoani, lakini mgawanyo wa maana zaidi ni wa ardhi yenyewe: magharibi ni vilima na mabonde ya mikarafuu, mashariki ni tambarare yenye mawe. Vilima huzuia mawimbi ya redio, kwa hiyo msitarajie minara isambae sawasawa. Pigeni kura mpate shehia kadhaa, yaani maeneo madogo ya utawala ndani ya wilaya, kila upande, hesabuni minara yake yote, kisha zidisheni kwa uwiano wa eneo la upande mzima na eneo la shehia hizo. Mkichagua shehia za kando ya barabara kuu tu, hesabu itavimba.

Tatu, tumieni picha za setilaiti au za droni. Kivuli cha mnara wa nyaya ni mstari mmoja mwembamba usiopanuka penye shina, na jua likiwa nyuzi 45 juu ya upeo wa macho, urefu wa kivuli kwenye uwanda ni sawa na urefu wa mnara.

Hatua ya nne ndiyo ninayoithamini kuliko zote, kwa sababu inatufunulia hata minara ambayo hakuna aliyeiona. Watu wawili wahesabu eneo lile lile, kila mmoja kivyake, bila kuoneshana daftari. Tuseme wewe umeona minara 12, mwenzako 10, na 8 kati ya hiyo mmeiona nyote. Katika 10 za mwenzako wewe umezipata 8, maana yake jicho lako hupata nne katika kila tano. Basi 12 zako ni sehemu nne kati ya tano za jumla, na jumla ni 15. Tafadhalini, msipande gari moja. Na kwa kuwa minara mifupi iliyojificha nyuma ya mikarafuu humponyoka kila mtu, hiyo 15 iandikeni kuwa kiwango cha chini, pamoja na tarehe mliyohesabu, kwani minara huongezwa na mingine huteremshwa.