Ngozi Iliyopasuka Isibanduliwe: Mhadhara juu ya Duesenberg ya Wazi

Mabibi na mabwana, wale mliokwisha kunisikia nikisema kwamba gari la kale litunzwe lilivyo, lisifanywe upya, mnivumilie, maana nitalisema tena, na huenda kwa ukali zaidi. Magari ya Duesenberg, yale ya kifahari ya Kimarekani ya kale, mnayajua, kwa hiyo sitawachosha na habari za ndugu wawili, Fred na August, wala za mfanyabiashara E. L. Cord aliyeinunua kampuni yao mwaka 1926. Nataka tutazame gari moja tu: Model J ya wazi iliyovishwa bodi na mafundi wa Murphy kule Pasadena, California, ambayo turubai lake likikunjwa hutoweka kabisa chini ya kifuniko cha chuma, na nguzo za kioo chake cha mbele ni nyembamba kiasi kwamba hazimzibii dereva barabara.

Wengi huvutwa na tarakimu. Injini ya silinda 8 zilizopangwa mstari mmoja, lita 6.9, nguvu farasi 265 kwa madai ya kiwanda, na dola 8,500 kwa chasisi tupu, bodi ukailipie kwingine. Zinasisimua, sikatai. Lakini tarakimu hizohizo unazipata katika gari lililovuliwa kila kitu na kuundwa upya, likang'aa kuliko siku lilipozaliwa. Mvuto wa gari lililotunzwa uko kwenye rangi iliyofifia pale kiwiko cha kushoto cha dereva kilipokuwa kikiegemea mlango, na kwenye kanyagio la klachi lililolika upande mmoja.

Nilipokuwa nikiishi Indiana, mzee mmoja aliniita nilione gari lake la wazi la mwaka 1931 kabla hajalipeleka kwa fundi wa viti. Ngozi ilikuwa na nyufa kama udongo wa bwawa lililokauka, ila mishono yote ilikuwa imeshika. Tulipoinua kiti cha nyuma tukakuta, juu ya ubao, nambari iliyoandikwa kwa chaki, na kando yake mstari wa penseli aliouchora seremala alipopima pa kukata. Chaki, ndugu zangu, iliyodumu zaidi ya miaka 70! Nilimsihi mzee asiguse kitu. Miezi minne baadaye nikarudi, nikakuta fundi ametupa manyoya ya farasi yaliyojazwa vitini, ameweka sponji, na ule ubao ameupiga msasa na vanishi mpaka umekuwa kama meza ya hotelini. Mzee akaniuliza kama limependeza. Nikamjibu kwamba linanuka gundi, na nadhani ndiyo sababu hakuniita tena.

Najua yupo atakayesimama aseme kwamba gari si maiti ya kuhifadhiwa, ni la kuendeshwa. Nani amekataa? Breki zitengenezwe, na nyaya zilizooza zibadilishwe leo hii. Mimi nazungumzia ngozi. Mwingine atasema waamuzi hupenda magari yanayong'aa. Naam, ndivyo walivyokuwa: mashindano ya uzuri wa magari ya Pebble Beach, kule California, yalianza mwaka 1950, na ilitubidi tungoje hadi mwaka 2024 ndipo tuzo kuu ikaenda kwa gari lililohifadhiwa bila kufanywa upya, Bugatti Type 59 ya mwaka 1934 iliyowahi kumilikiwa na Leopold wa Tatu, mfalme wa Ubelgiji. Miaka 74 ya kusujudia rangi mpya!

Nilikusudia kueleza taa za dashibodi ya Model J, moja ikimkumbusha dereva kubadilisha oili na nyingine kuangalia maji ya betri, lakini mwenyekiti ananionyesha saa. Turubai, basi, kwa sentensi moja: lisikunjwe likiwa na unyevu, hata kwa nusu saa, kwa kuwa ukungu huanzia kwenye mikunjo na doa lake halitoki, na hilo, kabla hamjaniuliza, si doa ninalolitetea. Ya matairi tutaulizana kwenye chai.