Kuwasha Kompyuta za Shule Kutoka Mbali

RUKIA: Karibuni tena, wasikilizaji wetu. Kaka Daudi, leo tuliahidi masomo matatu kuhusu kuongoza kompyuta kutoka mbali, lakini tueleze kwanza yaliyokukuta juzi shuleni.

DAUDI: Asante, dada Rukia. Nilikuwa katika maabara ya kompyuta ya shule moja ya sekondari tuliyoifungia Veyon, programu huria inayomwezesha mwalimu kuona skrini zote za wanafunzi kwenye kompyuta mpakato yake, kuzifunga, na hata kuongoza kipanya cha mwanafunzi bila kuondoka mezani pake. Nilibofya amri ya kuwasha mashine zote kwa pamoja. Safu tatu zikawaka, feni zikaanza kuvuma, lakini safu ya dirishani haikuamka.

RUKIA: Bila shaka mlinzi alikuwa amezima swichi ya ukutani.

DAUDI: Ndivyo ilivyokuwa. Kompyuta ikizimwa, kadi yake ya mtandao huendelea kupata umeme kidogo na kungoja pakiti maalumu, yaani kifurushi kidogo cha data kinachotumwa mtandaoni, yenye baiti 6 za thamani ya juu kabisa zikifuatwa na anwani ya kadi hiyo iliyorudiwa mara 16. Kadi ikiitambua anwani yake, huiamsha mashine nzima. Lakini umeme ukikatwa ukutani, hakuna kinachongoja. Ndiyo maana nimeuomba uongozi swichi zisizimwe usiku, ili fundi aweke masasisho baada ya masomo.

RUKIA: Hapo sikubaliani nawe hata kidogo. Umeme ukikatika kisha ukarudi kwa nguvu, mashine zilizochomekwa ndizo zinazoungua pawasaplai, kile kifaa cha ndani kinachoigawia kompyuta umeme. Tena pakiti hiyo kwa kawaida haidai nywila. Yeyote aliyemo kwenye mtandao wa shule na anayeijua anwani ya kadi anaweza kuituma.

DAUDI: Kuamsha si kuingia, dada. Mashine ikishaamka bado inadai nywila, na umeme unaoyumba dawa yake ni stabilaiza.

RUKIA: Stabilaiza ya kutosha chumba kizima itanunuliwa na nani, ikiwa karatasi za mitihani tu zinachangiwa na wazazi? Masasisho yawekwe Jumamosi, fundi akiwa palepale.

DAUDI: Fundi huyo anahudumia shule nyingi, na mashine isiyosasishwa huachwa wazi kwa virusi. Mlinzi namheshimu, ila hasara hiyo nayo ni hasara ya watoto.

RUKIA: Virusi huondolewa, kaka, lakini pawasaplai iliyoungua haifufuki.

DAUDI: Na kazi za wanafunzi zikifutwa na virusi, zitafufuka? Bado nasema swichi ziachwe.

RUKIA: Nami nasema zizimwe. Muda umetuishia, na masomo hatujayagusa. Somo la SSH, itifaki ya kuongoza kompyuta kutoka mbali kwa mawasiliano yaliyofichwa kwa msimbo, aliyoibuni Tatu Ylönen huko Finland mwaka 1995 baada ya nywila kunaswa kwenye mtandao wa chuo chake, tutalianza wiki ijayo. Kwa sasa, msikilizaji anayeongoza seva yake kwa Telnet, njia ya zamani isiyoficha mawasiliano, aache leo hii, kwa sababu nywila yake inapita mtandaoni ikisomeka.