Kona ya Bomba: Mhadhara Kuhusu Uanagenzi wa Ufundi wa Vihami Joto

Mabibi na mabwana, nimeombwa nieleze jinsi vijana wanavyofunzwa nchini Marekani kufunika mabomba, matangi na mifereji ya hewa kwa vihami joto, yaani vifuniko vinavyozuia joto kupita. Najua wengi mnangojea habari za ujira, lakini nitaanza na bomba lenyewe.

Chukueni bomba la maji ya kupozea jengo kubwa, maji yenye nyuzi joto 7 hivi za Selsiasi. Unyevu wa hewani hutafuta mahali pa baridi ugeuke maji, kama gilasi ya maji ya barafu inavyotoka jasho mezani, na kwa sababu hiyo fundi hulivika bomba fibaglasi yenye ganda lisilopitisha mvuke. Akiacha upenyo kwenye maungio, fibaglasi hulowa, hushindwa kuzuia joto, na chuma huliwa na kutu ndani kwa ndani huku nje pakionekana safi kabisa. Dari linapoanza kudondosha maji, aliyeacha upenyo ule keshahama zamani.

Kwa hiyo mafunzo haya huchukua miaka 4 au 5. Chini ya mfumo uliowekwa na sheria ya mwaka 1937, mwanagenzi ni mwajiriwa tangu siku ya kwanza: hufanya kazi chini ya fundi mzoefu, huhudhuria darasa ambalo kanuni hupendekeza lisipungue saa 144 kwa mwaka, na hulipwa sehemu ya ujira wa fundi kamili, sehemu inayopanda kadiri anavyoiva.

Mtihani wa kweli ni kona. Kihami huja kimenyooka ilhali bomba limepinda, basi mwanagenzi hukikata mshazari vipande vinavyofanana na vya chungwa, akavipanga mpaka vifuate mpindo. Mwalimu hapimi kwa macho. Hupitisha ukucha kwenye maungio, na ukinasa, kazi yote hubomolewa. Nimemwona kijana akirudia kona moja mara tatu kabla ya chakula cha mchana. Juu ya kihami huja ganda la alumini, ambalo ukingo wake wa juu lazima ulalie wa chini, kama makuti yanavyopangwa paani.

Kuna somo jingine ambalo ningelitanguliza kuliko yote, nalo ni vumbi. Mwaka 1964 daktari Irving Selikoff na wenzake walichapisha utafiti kuhusu mafundi 632 wa fani hii hii wa New York na New Jersey, waliofanya kazi na asbesto, madini ya nyuzinyuzi ambayo vumbi lake hudhuru mapafu: 45 walikuwa wamekufa kwa saratani ya mapafu au ya utando wake, ilhali vifo vilivyotarajiwa havikufika 7. Hata leo kanuni za usalama kazini huchukulia kihami cha bomba kilichowekwa kufikia mwaka 1980 kuwa kina asbesto mpaka vipimo vithibitishe vinginevyo, kwa hiyo mwanagenzi hufunzwa kukitambua na kutokigusa kabla ya kufunzwa kukata kipya.

Kuhusu kujiunga, kwa kawaida hutakiwa umri wa miaka 18, cheti cha sekondari na hesabu za kutosha. Ninyi mliosoma kwa sentimeta, fanyeni mazoezi ya sehemu za inchi mapema: futi za kupimia za huko zimegawanywa kwa sehemu za kumi na sita za inchi, na msimamizi aliye juu ya ngazi hatawangoja mkokotoe.