Kiangazi chetu Magharibi: hema, dagaa wa Kigoma, na ndugu tuliowaona bila msiba

Wakubwa zangu shikamooni, wadogo zangu hamjambo. Mnisamehe kwa ukimya wa wiki tano. Wengine mmenitumia ujumbe kuuliza kama nimeumwa. Sijaumwa, mzima kabisa, na mume wangu mzima, yuko hapo nje anaosha gari. Hilo hema mnaloliona limeanikwa nyuma yangu ndilo jibu lenyewe. Tulikuwa safarini, Magharibi ya Marekani, kwa gari letu wenyewe.

Nianze na kilichotutoa nyumbani. Mwaka jana mwezi wa kumi na moja tulikuwa Texas, msibani. Binamu yake mume wangu alifariki, Mungu amrehemu. Ndugu walikuja kutoka majimbo sita, watu ambao wengine hatujaonana tangu tulipoingia nchi hii. Tukalia, tukapika, tukachangishana nauli ya kusafirisha mwili kwenda Kigoma. Siku ya kutawanyika, shangazi yake anayeishi Boise, kule Idaho, alimshika mume wangu mkono akamwambia, "Baba, wewe utakuja kunisalimia, au utakuja kunizika?" Anamwita baba kwa sababu amerithi jina la babu yake, yaani baba yake shangazi. Mume wangu hakujibu. Kwenye ndege hakuongea mpaka tunatua.

Ndugu zangu mlio nyumbani mnadhani sisi wa huku tunatembeleana kila Jumapili. Hatutembeleani. Kutoka kwetu karibu na Minneapolis mpaka Seattle kwa dada yangu ni zaidi ya kilomita 2,600. Watu wanafanya kazi zamu mbili, likizo ni siku chache, nauli ya ndege ni kubwa. Tunaonana kwenye simu kama ninavyoonana na nyie, na siku tukikutana ana kwa ana, kuna mtu amekufa. Kwa hiyo tuliamua kiangazi hiki twende kwa watu walio hai.

Hoteli kwa siku zote zile tusingeziweza, ndiyo maana tukanunua hema. Kadi ya mwaka ya kuingilia hifadhi za taifa ni dola 80 kwa sisi wakazi, na inaingiza wote mlio ndani ya gari. Kwenye buti tuliweka jiko dogo la gesi, deli la barafu, unga wa sembe, mablanketi manne, na mzigo wa shangazi: dagaa wa Kigoma, kilo mbili, ambao mama mkwe aliwatuma kwa mtu aliyekuja mwezi wa tano. Mama mkwe alisema, "Hao wasiliwe njiani." Mkumbuke hao dagaa.

Tulitoka saa kumi alfajiri. Barabara ni hiyo hiyo moja, I-90, inayoanzia Boston na kuishia Seattle. Dakota Kusini ni majani na anga, majani na anga, mpaka unavuka mto Missouri na ardhi inaanza kukunjamana. Halafu ghafla ukafika Badlands. Fikirieni korongo la Olduvai, halafu mlizidishe: kuta za udongo zenye mistari ya waridi, kijivu na njano, mvua imezichonga miaka na miaka. Walakota, wenye nchi yao, walipaita mako sica, ardhi mbaya, kwa maana ya kukosa maji na kuwa na joto. Tulilala pale usiku wa kwanza.

Mount Rushmore tulisimama nusu saa. Zile sura za marais wanne zilizochongwa kwenye mwamba ni ufundi mkubwa, siwezi kukataa. Lakini milima ile Walakota waliahidiwa kwa mkataba wa mwaka 1868, ikachukuliwa ilipopatikana dhahabu. Mwaka 1980 mahakama kuu ya nchi ikaamua walipwe fidia, na hela hiyo mpaka leo hawajaigusa. Wanataka milima yao. Nilipiga picha moja nikarudi garini.

Sasa Yellowstone. Hapa nikae kidogo.

Ni hifadhi ya taifa ya kwanza Marekani, ya mwaka 1872. Chini yake kuna volkano, kwa hiyo ardhi inatoa moshi kama majungu yaliyosahauliwa jikoni. Kuna chemchemi zaidi ya 500 zinazorusha maji ya moto juu, kama nusu ya zote zilizopo duniani. Ile maarufu, Old Faithful, inaruka kila baada ya saa moja na nusu hivi. Watu mnakaa kwenye mabenchi mnangoja. Inaanza kwa kutema tema kidogo, unadhani ndiyo hiyo, halafu inanyanyuka, maji meupe mita 40, 50, na harufu ya yai viza inawafikia wote. Mama mmoja mzee pembeni yangu alikuwa anatoa machozi. Sikumuuliza kwa nini, maana na mimi nilikuwa na yangu.

Unatembea kwenye njia ya mbao, na kutoka hapo hutoki. Maji ya kule yameua watu. Kuna bwawa moja, Grand Prismatic, katikati ni bluu ya kitenge kipya, ukingoni njano na rangi ya chungwa. Rangi hizo za ukingoni ni vijidudu vinavyopenda joto, kila aina na kiwango chake cha joto. Mume wangu alirudi kulitazama mara tatu.

Jioni tukaingia kambini, eneo la Madison. Askari wa hifadhi, dada mmoja mpole, akatupa maelekezo ya dubu: chakula chote, sufuria, dawa ya meno, mafuta ya kupaka, chochote chenye harufu, kikae ndani ya gari lililofungwa milango na vioo. Nikamuuliza, na samaki wakavu je? Akaomba awaone. Nilipofungua mfuko alirudisha kichwa nyuma, halafu akaniambia taratibu kwamba hajawahi kukutana na kitu chenye harufu kali hivyo. Tukawafunga mifuko mitatu, tukawatia kwenye ndoo ya plastiki yenye mfuniko, tukazungushia utepe wa gundi, tukafunga gari, tukaangalia mara mbili.

Ule usiku sikulala. Ilikuwa mwezi wa saba lakini baridi ilikuwa ya Machame mwezi wa sita. Nikiwa nimejikunyata nilimkumbuka baba yangu mdogo. Alikuwa mpagazi Kilimanjaro miaka mingi. Alibeba mahema ya wageni kichwani, akayasimamisha, akayakunja, akarudi nyumbani na malengelenge miguuni. Kwetu kulala porini ilikuwa kazi ya wageni kulipia na ya baba mdogo kuhangaikia. Nimezaliwa chini ya mlima ule na sijawahi kulala hata usiku mmoja juu yake. Sasa niko kwenye hema langu mwenyewe, nimekaza kamba kwa mikono yangu, na nikasikia kitu kinapumua nje. Nikamshika mume wangu bega. Tukakaa kimya. Kikapita. Asubuhi tukakuta nyayo za kwato, elki, jamii ya kulungu lakini mkubwa kama ng'ombe. Dagaa wako salama.

Asubuhi ile ile nyati wa Marekani walitufungia barabara, kundi zima na ndama wao wekundu. Mwaka 1902 walibaki kama dazeni mbili tu ndani ya hifadhi ile, watu walikuwa wamewamaliza kwa risasi. Sasa ni maelfu. Tulizima injini tukangoja dakika arobaini, wakipita mkono mmoja kutoka kioo changu.

Boise tulifika jioni, jua bado liko juu. Shangazi aliolewa ng'ambo ya ziwa, Uvira, Kongo, vita ikamrudisha Tanzania kama mkimbizi, akakaa kambi ya Nyarugusu miaka na watoto wake kabla ya kuletwa Idaho. Wakongomani ni wengi Boise, Kiswahili unakisikia dukani. Alikuwa amesimama barazani kwa kitenge. Nikapiga goti, "Shikamoo shangazi." "Marahaba mkamwana wangu." Halafu akamtazama mume wangu, hakusema kitu, akamkumbatia mpaka mimi nikaondoka kwenda kushusha mizigo.

Nikamletea ndoo. Akakata utepe kwa kisu, akafungua mfuko wa kwanza, wa pili, wa tatu, akaingiza uso wote ndani. Akakaa humo. Alipotoa uso alisema, "Hawa wameanikwa mchangani Kibirizi," ufukwe wa kwao Kigoma. Usiku ule tuliwala kwa ugali na lengalenga, ndiyo mchicha kwa Kiswahili cha kwao, aliouchuma kwenye bustani anayolima na kina mama wenzake. Tulikaa siku nne. Alimsimulia mume wangu habari za babu yake ambazo baba yake mwenyewe hakuwahi kumwambia.

Kwa dada yangu sina maneno mengi. Anaishi Kent, kusini ya Seattle, miaka tisa, anahudumia wazee usiku na mchana. Siku mawingu yakiondoka, mlima Rainier unauona kutoka maegesho ya kazini kwake, mita 4,392, mweupe, umekaa peke yake kama Kibo. Hajawahi kwenda. Nikamwambia Jumanne ni siku yako ya mapumziko, vaa viatu.

Tulipanda kwa gari mpaka Paradise, ubavuni mwa mlima huo. Ulikuwa mwezi wa saba na theluji bado ipo, na maua yanachungulia pembeni. Dada alitembea taratibu, akainama, akachota theluji kwa mikono miwili, akaishika mpaka ikaanza kudondoka maji. "Sasa ndiyo nimeigusa," akasema. Tumekua tukiitazama theluji kutoka shambani kwa mama, kila asubuhi, na hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuishika pale.

Mtandao haukuwepo, tukarekodi video kwa ajili ya mama. Tuliposhuka ikaenda. Machame ilikuwa usiku wa manane, lakini mama alikuwa macho. Akajibu kwa sauti, nimeihifadhi, ngoja niwawekee muisikie: "Nimewaona wote wawili pamoja. Huyo mdogo mbona hana kofia?"