Moyo Ulioshindwa Kufanya Kazi Una Sababu Yake

Ndugu zangu, nawashukuru kwa kuja. Naomba nianze na hofu, maana najua baadhi yenu mmeingia nayo humu ukumbini. Mtu akiambiwa kwamba moyo wake umeshindwa kufanya kazi, hudhani umesimama, au utasimama usiku huohuo. Sivyo. Moyo wa mgonjwa huyu unadunda, mara nyingi kwa kasi kuliko wangu hivi ninavyosema nanyi. Kilichopungua ni uwezo wake wa kusukuma damu inayotosha mahitaji ya mwili. Au damu inatosha, ila presha ndani ya vyumba vya moyo imepanda mno hadi damu inarundikana nyuma, mapafuni na miguuni. Wala si mshtuko wa moyo. Katika mshtuko, mshipa unaoulisha moyo huziba ghafla na sehemu ya msuli ikafa. Mshtuko waweza kuleta hali tunayoizungumzia leo, lakini ni mambo mawili.

Watu zaidi ya milioni 60 duniani wana ugonjwa huu. Ninalotaka mwondoke nalo ni hili: hakuna anayeugua moyo kushindwa kufanya kazi bila sababu, na uchunguzi ambao haukuitafuta sababu hiyo haujakamilika hata kama mgonjwa ameshapewa dawa.

Moyo wa mtu mzima aliyetulia husukuma takriban lita 5 za damu kila dakika. Upande wa kulia hupokea damu iliyotoka mwilini na kuipeleka mapafuni. Wa kushoto huipokea ikitoka mapafuni na kuisukuma mwili mzima. Kwa hiyo upande wa kushoto ukilemewa, maji huvuja mapafuni na mtu akakosa pumzi. Wa kulia ukilemewa, miguu huvimba, ini hujaa, tumbo likapanuka. Upande mmoja ukiugua muda mrefu, huuchosha na mwenzake.

Hapa pana jambo linalonisikitisha kila ninapolifikiria. Mwili hujaribu kuuokoa moyo, na katika kuuokoa huuumiza. Figo zikifikiwa na damu kidogo huitikia kana kwamba mtu amejeruhiwa na anavuja damu. Huamsha homoni zinazobana mishipa na kuzuia chumvi na maji yasitoke kwa mkojo. Kwa majeruhi, huo ni uokovu. Kwa mgonjwa wetu, ni kumwongezea mzigo aliyekwisha kuelemewa: mishipa iliyobana huutaka moyo usukume kwa nguvu zaidi, na maji yaliyozuiwa huzidi kuujaza. Dawa kadhaa zinazorefusha maisha ya wagonjwa hawa hufanya kazi ya kuukata mzunguko huo. Ndiyo maana mtu ambaye presha yake haijapanda huandikiwa dawa ambazo jirani yake anazitumia kwa presha. Tafadhali asiziache kwa kudhani daktari amekosea.

Sasa sababu. Presha ya kupanda iko mstari wa mbele. Msuli wa moyo unaosukuma dhidi ya presha kubwa mwaka baada ya mwaka hunenepa na kukakamaa, na kwa wengine hatimaye hutanuka na kulegea kama mpira wa kiunoni uliovutwa kupita kiasi. Yote hayo hutokea bila maumivu. Pili ni kuziba kwa mishipa inayoulisha moyo, na hapo kisukari na sigara huchangia sana.

Kisha vali, yaani milango ya moyo inayozuia damu isirudi nyuma. Mtoto huumwa koo kwa bakteria aina ya streptokoka, hatibiwi, na kinga yake ya mwili ikaja kuzishambulia vali zake mwenyewe. Hiyo ndiyo homa ya baridi yabisi ya moyo. Madhara huenda yakajitokeza miaka mingi baadaye, wakati koo lile limeshasahauliwa na kila mtu. Penisilini iliyotolewa mapema ingezuia. Pombe nyingi ya muda mrefu huudhoofisha msuli, vilevile baadhi ya virusi, baadhi ya dawa za saratani kama doksorubisini, na kasoro za kurithi. Upungufu mkali wa damu na tezi ya thairoidi, iliyoko shingoni, iliyozidisha kazi navyo huuchosha moyo, na hivi hutibika kabisa vikigunduliwa.

Kuna sababu moja ambayo sitaipita haraka. Kati ya mwezi wa mwisho wa ujauzito na miezi mitano baada ya kujifungua, msuli wa moyo wa mama huweza kudhoofika bila ugonjwa mwingine wowote wa moyo kuonekana. Miguu kuvimba, kuchoka, kukosa usingizi: kila dalili ina maelezo mepesi kwa mama mwenye kichanga, na ndiyo hatari yenyewe. Mama aliyejifungua akisema hawezi kulala chali kwa kukosa pumzi, msimwambie ni uchovu wa kulea. Apelekwe hospitali siku hiyohiyo. Wengi wao moyo hurudi katika nguvu zake wakitibiwa mapema.

Tunautambuaje? Kwa kuuliza kwanza. Unalalia mito mingapi? Huamka usiku ukitafuta hewa, ukalazimika kuketi? Ngazi ulizozipanda mwaka jana bila kupumzika, leo unasimama katikati? Uzito umepanda kilo 2 ndani ya siku chache ilhali huli zaidi? Majibu ya maswali haya hayagharimu chochote, na mara nyingi nimeona yakitufikisha karibu sana na ukweli. Nawaomba wagonjwa wayaseme hata wasipoulizwa. Kikohozi cha usiku na kifua kinachokoroma kwa maji hutibiwa kama pumu miezi na miezi, na mzee akichoka huambiwa ni umri.

Kisha daktari hutazama mshipa wa shingo kama umejaa, husikiliza mapafu na mdundo wa ziada wa moyo, hubonyeza mguu kuona kama kidole kinaacha shimo. Eksirei huonyesha moyo uliopanuka na maji mapafuni. Kipimo cha umeme wa moyo huonyesha mapigo yasiyo na mpangilio au alama za mshtuko wa zamani.

Kipimo cha damu kimesaidia mno. Kuta za moyo zikivutwa na presha hutoa peptidi, aina ya protini ndogo, iitwayo BNP. Wanasayansi wa Japani waliitambua mwaka 1988 katika ubongo wa nguruwe. Baadaye ikajulikana kwamba inayoitoa kwa wingi ni misuli ya moyo. Ndugu yake, NT-proBNP, ikiwa chini ya pikogramu 125 kwa mililita kwa mtu ambaye hakuja kwa dharura, huenda tatizo si moyo. Lakini unene huishusha, na uzee au figo mbovu huipandisha, kwa hiyo namba peke yake haihukumu.

Halafu eko, yaani kuupiga moyo picha kwa mawimbi ya sauti. Ilianzia Lund, Uswidi, mwaka 1953, Inge Edler na Hellmuth Hertz walipouelekezea moyo mashine iliyotengenezwa kukagua kasoro ndani ya vyuma. Eko huonyesha vali, unene wa kuta, na ile asilimia inayowatia watu hofu. Asilimia hiyo ni sehemu ya damu ya chumba cha chini kushoto inayotoka kwa kila pigo. Hakuna moyo unaotoa 100. Mwenye afya hutoa kama 55 hadi 70. Ukiona 35 kwenye karatasi, usihesabu kwamba umepoteza asilimia 65 ya moyo wako. Inayofika 40 au chini yake tunaiita iliyopungua, na ndiyo yenye dawa nyingi zilizothibitishwa. Naomba pia eko irudiwe baada ya miezi kadhaa ya matibabu, maana namba hiyo hupanda.

Nina swali moja lililoletwa kwa maandishi: mama wa mtu ana miguu iliyovimba na anakosa pumzi, eko imesoma 60, ameambiwa moyo wake ni mzima. Ndugu yangu, huenda si mzima. Karibu nusu ya wagonjwa wetu wana asilimia ya kawaida. Moyo wao unasukuma vizuri, ila umekakamaa na haulegei ili ujae, hivyo presha inarudi nyuma hadi mapafuni. Huwapata hasa wazee, wanawake kuliko wanaume, wenye presha ya muda mrefu, kisukari au unene. Mrudishe mama na karatasi ileile, na umwulize daktari mambo matatu: chumba cha juu kushoto kimetanuka? Presha ya kujaa kwa moyo ilipimwa kwenye eko? Na kipimo cha damu cha BNP kimefanyika?