Machicha ya nta: kinachobaki guniani baada ya kuyeyusha masega

Ndugu wafugaji nyuki, sogeeni mezani. Bonge hili jeusi kwenye sinia ndilo linalobaki guniani masega yakishayeyushwa. Limegeni mlitazame. Hivi viganda vyembamba vya kahawia ni vifuko ambavyo majana, yaani watoto wa nyuki, huviacha ndani ya vijumba vya sega, kizazi baada ya kizazi. Humo pia mna chavua, gundi ya nyuki na mabawa ya nyuki waliokufa. Na mna nta, tena si haba, kwa sababu vifuko hivi huifyonza kama sifongo. Ndiyo maana sega jeusi la majana, hata likiwa zito mkononi, hutoa nta kidogo kuliko sega jeupe la asali. Masega meusi yavunjeni na kuyaloweka usiku kucha kabla ya kuyayeyusha, vifuko vishibe maji kwanza.

Machicha yakishapatikana, yachemsheni mara ya pili. Yapondeni, mtie kilo 2 kwenye gunia safi la katani, mfunge mdomo kwa nguvu. Wekeni vijiti chini ya sufuria gunia lisiungue, kisha gunia, halafu jiwe zito juu yake. Mimineni maji ya mvua, lita 8 hivi, gunia lizame kabisa. Nta huyeyuka kwenye nyuzi 62 hadi 64, kwa hiyo moto uwe wa wastani, maji yasitokote kwa fujo. Kwa saa nzima likandamizeni gunia kwa mwiko, mkiligeuza kila baada ya dakika 10. Mtaona matone ya manjano yakipanda.

Hapa ndipo wengi wanapoharibu: wanalitoa gunia likiwa la moto. Likipita kwenye nta inayoelea juu, linaifyonza upya. Liacheni chini ya jiwe lake, funikeni sufuria kwa magunia ipoe polepole hadi asubuhi, mtoe kwanza bamba la nta. Chini ya bamba mtakuta mashapo ya kijivu. Yakwangueni kwa kisu, myatie kwenye mchemsho ujao.

Mkipata uji wa chembechembe badala ya bamba, tazameni maji. Maji magumu ya kisima yana chokaa inayoshikana na asidi za nta. Uji huo msiutupe, uyeyusheni tena kwa maji ya mvua. Chungu cha chuma chenye kutu nacho hutia nta weusi.

Machicha ya mchemsho wa pili yakaukapo huvunjika vidoleni kama majani ya chai. Yakiwa bado yananata, nta ingalimo. Harufu yake huwavuta nyuki: yapasheni moto kidogo, mpake ndani ya mzinga mpya na kuzunguka tundu la kuingilia. Lakini kama masega yalitoka kwenye kundi lililougua, msifanye hivyo hata kidogo. Vijidudu vya ugonjwa wa kuoza majana hustahimili maji yanayochemka. Machicha hayo yachomwe shimoni, mbali na manzuki, yaani mahali penye mizinga.

Yaliyo salama huwasha jiko la mkaa vizuri sana. Kipande cha ukubwa wa yai kinatosha. Wakati wa kuyayeyusha, mfuniko uwe karibu. Nta ikishika moto, funikeni. Ukiimwagia maji italipuka na kurusha moto.

Msiyarundike machicha mabichi nyuma ya nyumba. Nondo wa nta hutaga humo, na viwavi wake wakikomaa huwa nondo wanaoruka hadi kwenye mizinga. Yakausheni juani yakiwa yametandazwa, au yafukieni.

Maji ya kahawia yaliyobaki yana asali kidogo, yakikaa wazi huvuta nyuki wa kupora. Yachujeni kwa kitambaa yakiwa yamepoa, mmwage kwenye shimo la mboji jioni, nyuki wakishalala. Kwenye sinki msiyamwage, hasa yakiwa ya moto: nta itaganda ndani ya bomba, na maji ya baridi hayatoi kitu humo.