Asilimia Tano Haimalizi Kodi Yako

Mheshimiwa mwenyekiti, ndugu zangu waandishi, wafasiri, wapiga picha, wabunifu wa michoro, na ninyi wataalamu wa programu mlioketi nyuma kana kwamba jambo hili haliwahusu, nashukuru kwa kualikwa. Waandaaji wameniomba nieleze wajibu wote wa kodi ya mapato kwa mtu anayefanya kazi kwa kujitegemea. Sitaweza kuumaliza wote, kwa sababu lipo jambo moja ambalo nimelirudia katika kumbi nyingi za jiji hili, na kila mara hujitokeza mtu akaniambia kwa uso mkavu kabisa: "Mimi nimeshakatwa asilimia tano, nadaiwa nini tena?"

Namna ya kupata TIN, yaani namba ya utambulisho wa mlipa kodi, nitairuka, kwa kuwa hutolewa bure na wengi wenu mnayo. Tuingie kwenye hiyo asilimia tano.

Kampuni au taasisi inapomlipa mkazi wa Tanzania ada ya huduma, Sheria ya Kodi ya Mapato, Sura ya 332, inaitaka ikate asilimia 5 ya ada hiyo na kuiwasilisha kwa Mamlaka ya Mapato ndani ya siku saba baada ya mwezi wa makato kwisha. Hiyo ndiyo kodi ya zuio. Kwa mtu anayeendesha shughuli kama zenu, zuio hilo ni sawa na kianzio unachompa fundi cherehani: kinapunguza deni, lakini bei ya gauni haijajulikana mpaka gauni lishonwe. Kodi yako hujulikana mwaka unapofungwa, yaani tarehe 31 Desemba, unapochukua mapato yote, ukatoa gharama zilizotumika kuyazalisha, na faida inayobaki ukaipitisha kwenye viwango vya mtu binafsi. Shilingi 3,240,000 za kwanza hazina kodi. Kutoka hapo hadi 6,240,000 ni asilimia 8, hadi 9,120,000 ni asilimia 20, hadi 12,000,000 ni asilimia 25, na kinachozidi hapo ni asilimia 30.

Naomba mnivumilie kwa hesabu. Tumchukue mbunifu wa michoro wa Sinza ambaye wateja wake wote ni makampuni ya hapa nchini. Kwa mwaka amelipwa ada ya milioni 24, gharama zake halali ni milioni 9, kwa hiyo faida ni milioni 15. Kwa milioni 12 za kwanza kodi ni 1,536,000, kwa milioni 3 zilizobaki ni 900,000, jumla 2,436,000. Alizuiliwa asilimia 5 ya milioni 24, yaani 1,200,000. Bado anadaiwa 1,236,000, na huyu ndiye aliyekuwa akijitapa kwamba ameshamalizana na serikali.

Sasa mtazameni jirani yake, mfasiri. Amelipwa milioni 16, lakini gharama zimemla na faida ni milioni 7 tu. Kodi yake ya mwaka ni 392,000. Alichozuiliwa ni 800,000. Huyu amelipa zaidi ya anachodaiwa kwa shilingi 408,000, na sheria inamruhusu kudai arejeshewe au kiasi hicho kihesabiwe katika kodi nyingine anayodaiwa. Lakini hajawasilisha ritani, yaani taarifa ya mapato na kodi yake ya mwaka, hana kumbukumbu za gharama, na hajawahi kumwomba mteja hata mmoja hati ya kodi ya zuio, ile inayothibitisha kiasi alichokatwa. Anailalamikia serikali kila siku kwenye daladala, huku akiichangia laki nne kwa hiari yake!

Hati hiyo ndiyo inayonikosesha usingizi. Bila hati, yule mbunifu hana cha kuonyesha kwamba 1,200,000 zilikatwa kwa jina lake, na anaweza kujikuta akidaiwa zote 2,436,000. Mtaniambia kwamba mkimsumbua mhasibu wa mteja hamtapewa kazi nyingine. Nimelisikia hilo mara nyingi na sikubaliani nalo. Mhasibu anayekata fedha yako anajua kwamba kutoa hati ni wajibu wake, na akisitasita, hiyo yenyewe ni sababu ya kujiuliza kama makato yamefika yanakotakiwa kufika. Ombeni hati malipo yanapoingia. Mwezi wa Juni, mnapoandaa ritani, mtu aliyewalipa anaweza kuwa amehamia Dodoma, na simu yake haipokelewi.

Wapo wapiga picha wanaoniuliza kuhusu harusi. Bibi harusi hafanyi biashara anapokulipa, kwa hiyo hakukati zuio. Fedha unaipokea nzima, na kodi yake iko nzima vilevile. Mwenye mteja Ujerumani anayelipa kwa mtandao naye asijifiche: mkazi wa Tanzania kwa kawaida hutozwa kodi kwa mapato yake ya dunia nzima, na kama kuna kodi aliyokatwa huko, utaratibu wa kuihesabu upo.

Mwingine atasema mwenye duka Kariakoo analipa asilimia 3.5 ya mauzo, kwa nini yeye asilipe hivyo? Ni kweli upo utaratibu wa kutoza kodi kwa kukadiria kutokana na mauzo, kwa watu binafsi wenye mauzo yasiyozidi milioni 100 kwa mwaka. Lakini wanaotoa huduma za kitaalamu, za kiufundi, za usimamizi na za mafunzo wamewekwa nje yake. Mkiona hilo ni uonevu, tunaweza kujadiliana wakati wa chai. Kwa sasa ndiyo sheria, na inawalazimu kutunza hesabu.

Naona mwenyekiti ananyoosha vidole vitano, kwa hiyo nitakwenda mbio. Makadirio ya kodi ya mwaka, yaani kiasi unachotarajia kudaiwa mwaka huo, huwasilishwa kabla ya Machi kwisha, na kodi hulipwa kwa awamu nne: mwisho wa Machi, Juni, Septemba na Desemba. Ritani ya mwaka uliopita hukamilishwa ifikapo tarehe 30 Juni. Kumbukumbu hutunzwa kwa miaka mitano, na maandishi ya risiti ya mashine hufutika, basi ipigeni picha. Bei ya kompyuta haitolewi yote kama gharama mwaka wa kwanza. Hupunguzwa thamani kwa asilimia 37.5 kwa mwaka. Kodi ya pango la nyumba unayolala si gharama ya biashara, hata kama kompyuta iko sebuleni. Sehemu inayotumika kwa kazi pekee ndiyo ya kujadiliwa, na muwe na vielelezo.

Ninyi mlioajiriwa na mnafanya kazi za pembeni, mapato hujumlishwa. Ile 3,240,000 isiyo na kodi mwajiri ameshakuhesabia kwenye mshahara. Huipati mara ya pili kwa kazi za usiku.

Nilikuwa na sehemu ya VAT, yaani kodi ya ongezeko la thamani, lakini muda umekwisha, na mwenye swali kuhusu hati za zuio aanze.